Swali la Kisesa na Kishipa cha Maabara

Katika mijadala ya afya hurudiwa kauli kwamba kuunda vishipa vya damu maabara ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba sisi tuanze na dawa, vyoo na maji safi. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Makala hii inadai kwamba mojawapo ya maswali yanayoihitaji sana teknolojia hiyo limezaliwa Kisesa, wilayani Magu, mkoani Mwanza.

Tangu mwaka 1994 wakazi wa Kisesa wamefuatiliwa katika utafiti wa VVU wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na matone ya damu yao yakahifadhiwa yakiwa yamekaushwa kwenye karatasi. Mwaka 2017 mtafiti Jennifer Downs na wenzake walichapisha uchambuzi wa matone hayo. Walitafuta antijeni ya minyoo ya kichocho katika damu ya waliopata VVU, wakailinganisha na ya wasiopata. Kwa wanawake wenye kichocho, uwiano wa uwezekano wa kuambukizwa VVU ulikuwa 2.8. Kwa wanaume uhusiano huo haukuonekana. Kwa nini wanawake?

Kwamba kichocho huharibu via vya uzazi vya mwanamke, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye spishi ya minyoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu jamii za wavuvi wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda, haukuona uhusiano kati ya Schistosoma mansoni na kupata VVU. Basi wapo wanaosema lawama yote ni ya Schistosoma haematobium, anayeishi kwenye vena za kibofu na nyonga. Hitimisho hilo ni la haraka. Kipimo kilichotumika Kisesa hakitofautishi spishi, na mkoani Mwanza zipo zote mbili: mansoni ufukweni mwa ziwa, haematobium kwenye madimbwi ya bara. Mayai ya mansoni nayo yamewahi kukutwa katika via vya uzazi. Kuongeza idadi ya washiriki peke yake hakutamaliza ugomvi huu, kwa sababu takwimu hutuambia nani aliambukizwa, lakini hazituonyeshi kilichotokea ukutani mwa mshipa.

Na ukutani ndiko penye kisa. Yai la kichocho lina upana wa maikromita zipatazo 60. Kapilari ina kipenyo cha 5 hadi 10. Yai likinasa kwenye tishu, vishipa vipya huota na seli za kinga hukusanyika, zikiwemo zile ambazo VVU huzishambulia. Mwaka 2012 Ying Zheng na wenzake, huko Seattle, walitengeneza vijia ndani ya jeli ya kolajeni, wakavipandia seli za mishipa ya kitovu cha mtoto, wakapitisha damu. Mwaka 2019 Maria Bernabeu na wenzake walitumia vishipa vya aina hiyo, safari hii kwa seli za mishipa ya ubongo, kuonyesha jinsi chembe nyekundu zenye malaria zinavyonata. Kichocho nacho kipimwe hivyo: kishipa kimoja kiwekewe yai la mansoni, kingine la haematobium, cha tatu punje ya plastiki yenye ukubwa uleule, cha nne kiachwe kitupu; kisha, kwa kuwa uhusiano ulionekana kwa wanawake tu, vyote vijaribiwe pamoja na homoni za kike na bila homoni hizo. Punje ya plastiki itatenganisha madhara ya kuziba na madhara ya kemikali za yai.

Watasema kishipa cha maabara si mwili. Ni kweli, na kwa hiyo majibu yake lazima yarudishwe Kisesa yakapimwe upya. Watasema ni ghali. Lakini vitovu hutupwa kila siku katika wodi za wazazi. Kwa ridhaa ya mama, mbegu ya kazi hii ipo. Ndoto ya kukarabati tishu za wagonjwa kwa vishipa hivi siitumii kama hoja, maana kwetu bado iko mbali.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, iendelee kugawiwa na maji safi yafike. Lakini wakazi wa Kisesa wametoa damu yao tangu mwaka 1994, na swali lililotokana na damu hiyo linastahili kujibiwa Mwanza.