Pamoja Tulinde Maisha: Munganga na Hesabu ya Nukuu

Ukitoka Beni, kwetu Kivu Kaskazini, kwa barabara ya kaskazini, kilomita thelathini hivi, unafika Oicha. Hapa, katika miaka ya 1930, munganga Carl Becker, mmisionari Mmarekani, alianzisha hospitali pembeni mwa msitu. Wagonjwa wa ukoma walimjia kwa maelfu. Uasi wa 1964 ulimwondoa Oicha, na baadaye alishirikiana na misheni nyingine kujenga kituo cha Nyankunde, ambako wauguzi wa Kikongo walifundishwa.

Kazi kama hiyo haionekani katika hesabu ya nukuu. Hesabu hiyo ilianza mwaka huohuo wa 1964: huko Philadelphia, Eugene Garfield alizindua faharasa iliyoonyesha nani amenukuu makala ya nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaongeza kipimo chake: mtafiti mwenye makala 20, kila moja ikiwa imenukuliwa angalau mara 20, hupewa 20. Leo namba hiyo mara nyingi husaidia kuamua nani apandishwe cheo na nani apate fedha za utafiti. Nadhani hakuna mahali panapoonyesha mipaka yake waziwazi kuliko Kivu Kaskazini.

Lakini tuanze mbali kidogo, na Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kikongo. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Alipochomoa sindano, damu haikukatika, ikamlowesha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni tu. Akarudi Kinshasa na mtawa mmoja mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikasafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai. Ilipofunguliwa, barafu ilikuwa imeyeyuka na kichupa kimoja kimevunjika. Makala za kwanza kuhusu virusi hivyo, vilivyoitwa Ebola, zilitoka katika jarida la Lancet mnamo Machi 1977. Jina la Muyembe halimo. Kila aliyezinukuu tangu hapo aliwaongezea hesabu wengine.

Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, wagonjwa wanane walitiwa damu ya waliopona. Saba waliishi. Matokeo yalichapishwa 1999, lakini wanasayansi wengi wa nje waliyatilia shaka, kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hoja hiyo ilikuwa na msingi, ila jibu lake lilichukua miaka ishirini.

Jibu lilitoka kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Mangina. Kabla ya mwezi kwisha Oicha nayo ilikuwa na mgonjwa. Kuanzia Novemba, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne zililinganishwa kwa wagonjwa 681, huku risasi zikisikika na vituo vikishambuliwa. Kati ya waliopewa mAb114, dawa iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit, walikufa asilimia 35; waliopewa REGN-EB3, asilimia 33.5. Waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu. Makala ilitoka Desemba 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine, na jina la kwanza ni la Mkongo, Sabue Mulangu.

Hayo ni mabadiliko makubwa tangu 1977, na ninayafurahia kwa moyo wote. Lakini makala ile ilisimama juu ya migongo ya wengi: wauguzi waliovaa mavazi ya plastiki katika joto la Beni, wasafishaji, wachimba makaburi, na familia zilizokubali ndugu yao apewe dawa kwa kura. Kunukuliwa hakuwafikishii kitu.

Jaribio lenyewe hujulikana duniani kote kama PALM. Herufi hizo zimetoka katika Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Maneno hayo matatu yamechapwa ndani ya makala yenyewe, na mtafiti yeyote wa Boston au Tokyo anayeandika PALM anayabeba, ajue asijue.