Hodi

Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa huuza korosho kupitia chama kikuu chao, RUNALI, na siku hizi minada hupita kwenye mfumo wa kidijitali wa soko la bidhaa la TMX. Karani anayeingiza kilo na namba za akaunti ameshika riziki ya watu: tarakimu moja ikibadilishwa, fedha zinakwenda kwingine. Hapo ndipo neno hodi linapofaa. Tangu 2010 mtaalamu wa usalama wa mitandao John Kindervag amehimiza mtandao usimwamini yeyote kwa kuwa tu yumo ndani: nywila ikaguliwe, simu au kompyuta nayo ikaguliwe, na kila mlango upigiwe hodi upya mpaka mwenyewe aitikie karibu. Hata akishakaribishwa, karani afunguliwe vitabu vya chama chake tu. Viongozi wa ushirika, anzeni kwa kufunga akaunti za kuingilia mfumo za walioacha kazi.