Matumizi Sahihi na Salama ya Dawa ya Asaiklovia

Asaiklovia ni dawa inayotibu maambukizi ya virusi vya jamii ya hepesi, vikiwemo vinavyosababisha malengelenge ya mdomoni na sehemu za siri, tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Asaiklovia huzuia virusi kuzaliana, lakini haiviondoi mwilini. Virusi hubaki vimejificha katika mishipa ya fahamu na huweza kuibuka tena. Kwa sababu hiyo, matibabu hufaa zaidi yanapoanza mapema. Mgonjwa wa mkanda wa jeshi anashauriwa kuanza dawa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee.

Kipimo hutegemea ugonjwa. Mtu mzima mwenye malengelenge ya sehemu za siri kwa mara ya kwanza kwa kawaida huandikiwa miligramu 400 mara 3 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Mwenye mkanda wa jeshi huandikiwa miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Hivyo, anayetumia vidonge vilivyobaki kwa ndugu au jirani anaweza kumeza kipimo kisichotibu ugonjwa wake.

Dawa hii hutolewa mwilini kupitia figo. Mgonjwa anapaswa kunywa maji ya kutosha. Wazee na wenye ugonjwa wa figo huweza kuhitaji kipimo kidogo zaidi, hivyo wamweleze daktari hali zao kabla ya kuanza dawa. Wajawazito na wanaonyonyesha wafanye vivyo hivyo.

Kichefuchefu, kuharisha na kuumwa kichwa huweza kutokea. Hata hivyo, mgonjwa anayechanganyikiwa, kupata mkojo kidogo au kuvimba uso afikishwe hospitali mara moja. Vipele vilivyo karibu na jicho navyo vinahitaji daktari bila kuchelewa, na krimu ya ngozi isipakwe machoni.

Aliyesahau dozi aimeze anapokumbuka; ikiwa muda wa dozi inayofuata umekaribia, aiache iliyopita na asimeze dozi mbili kwa pamoja.

Mwenye malengelenge ya sehemu za siri anaweza kumwambukiza mwenza hata akiwa anatumia dawa. Ajiepushe na kujamiiana hadi vidonda vipone, na baadaye atumie kondomu, ambayo hupunguza hatari ingawa haiiondoi kabisa. Kwa kuwa vidonda hivyo huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU, wenza wote wawili wanashauriwa kupima.