Haisi Ilivyotufikia Wana-Ziba

Ndugu wana-Ziba, mlioko nyumbani na mlioko mbali, michango ya mwaka huu ni ya kununua gari la kubebea wagonjwa na la kutusaidia wakati wa misiba. Kikao kimekwisha kukubaliana kwamba gari hilo liwe Haisi. Ubishi uliobaki ni Haisi ipi, na ubishi huo umekuwa mkali kuliko tulivyotarajia. Kwa hiyo tumeona tuandike habari za gari hili, lilikotoka na lilivyotufikia, ili kila anayechangia ajue anachangia nini.

Babu zetu walitembea. Wanyamwezi walijulikana hadi pwani kwa upagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ile ikafifia. Mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika, likapitia Bukene na Isaka. Kwetu halikupita. Toka hapo kilichoingia Ziba na kilichotoka kilitegemea miguu, baiskeli, punda au gari la barabarani. Kwa miaka mingi basi letu lilikuwa lori la pamba: unapanda juu ya mzigo, unafunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, na kama ni masika unashuka kusukuma, kwani udongo mweusi wa mbuga zetu hauna huruma na tairi.

Toyota walianza kutengeneza HiAce mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Mambo hayo mawili hayakukutana upesi. Enzi za KAMATA, fedha za kigeni zilikuwa adimu na mtu binafsi hakuagiza gari kwa kupenda tu. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakawa mengi nchini. Haisi ilitufaa kwa sababu ambayo watu hawaitaji mara nyingi: Wajapani nao huendesha kushoto kama sisi. Usukani uko kulia, na mlango wa kuburuta unafunguka upande wa kushoto, pembeni mwa barabara, ambako abiria anashukia bila kugongwa.

Kuna vizazi kadhaa. Vya 1967 na 1977 hatuna la kusimulia. Cha tatu kilitoka mwaka 1982, na wazee wanakikumbuka kwa uso wake bapa. Lakini Haisi ya moyo wetu ni kizazi cha nne, cha mwaka 1989, kile kilichoitwa kipanya. Nyingi zilikuwa magari ya mizigo kule Japani. Mafundi wetu ndio waliozigeuza daladala: wakachomelea fremu za siti, wakaweka viti vya kukunja kwenye njia, wakafunga keria juu ya paa. Anayetaka kujua injini aliyonunua alisoma herufi za mwanzo kwenye kibati cha modeli. LH ni dizeli, zile injini za 2L, 3L na 5L ambazo fundi wa kijijini anazifungua akiwa ameketi juu ya debe. RZH ni petroli. KZH ni dizeli yenye turbo, na nyingi ya hizo zilikuwa Super Custom, gari la starehe lenye springi laini nyuma, ambalo kwa barabara ya Puge–Ziba–Choma lilikuwa kama kuvaa viatu vya harusi shambani. Injini zote hizo ziko chini ya siti za mbele. Aliyekaa karibu na dereva alifika amepashwa joto kama chai.

Kipanya ndicho kilichobadili hesabu zetu. Mama mwenye mtoto mgonjwa aliweza kwenda hospitali ya Nkinga bila kusubiri lori la mtu. Mwanafunzi alirudi nyumbani Ijumaa. Kuku, choroko na mchele vikaenda mnadani vikiwa na mwenyewe. Tusisifu tu, hata hivyo. Wanne walibanwa kwenye siti ya watatu, konda akaning'inia mlangoni, na tairi zilizokwisha meno zikaendelea kuzunguka. Tumezika watu kwa ajili ya hayo. Leo bodaboda na michomoko wamechukua safari fupi, lakini ndani ya michomoko huwezi kumlaza mgonjwa.

Kizazi cha tano kilianza mwaka 2004, kirefu zaidi kwa ndani, na baadhi yake kina paa la juu. Waganda wanakiita drone. Hapa ndipo wajumbe wanapogawanyika. Dizeli zake nyingi zitokazo Japani hutumia mfumo wa kielektroniki wa kusukuma mafuta kwa shinikizo kubwa. Mfumo huo ni mzuri pakiwa na dizeli safi. Dizeli ya kwenye madumu, yenye maji na mchanga, huua nozeli zake, na nozeli mpya ni ghali. Kipanya cha 5L hakijali sana hayo, lakini vipanya vya mwisho vya Japani vimeshapita miaka 20, na gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi linapoingia nchini.

Maoni ya kamati ni kununua kizazi cha tano cha petroli, chenye injini ya lita 2.7 na paa la juu, ili anayemhudumia mgonjwa asiiname njia nzima. Kitakunywa mafuta zaidi ya dizeli, hilo tunalikubali. Ila gari letu halitashinda barabarani kutwa kama daladala. Wazee wawili wa kamati bado wanashikilia 5L ya kununua hapahapa nchini, na hoja yao si ya kupuuza, maana vipuri vyake vinapatikana hata madukani Nzega. Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu. Mwenye fundi anayemwamini, wa kukagua gari kabla hatujalipa, tafadhali aje naye.