Damu ya Mja Mzito na Hisabu ya Siku Zake

Katika Muwatta wa Imam Malik mna habari ya mwanamke aliyeletwa mbele ya Khalifa Uthman kwa kuwa alizaa miezi sita tu baada ya kuolewa. Watu walihesabu, wakaona siku hazikutimia, na hukumu ya uzinzi ikapitishwa juu yake. Sayyidna Ali akapinga. Alichukua aya mbili: moja ya Surat Al-Ahqaf, inayotaja kuchukua mimba na kuachisha ziwa kuwa ni miezi 30, na nyingine ya Surat Al-Baqara, inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili. Toa 24 katika 30, itabaki sita. Basi mimba ya miezi sita yaweza kuleta mtoto hai, na mama yake asitiwe ila. Khalifa akatuma mtu akamrejeshe mwanamke yule, lakini mjumbe alikuta yamekwisha kupita. Riwaya nyingine zamtaja Sayyidna Umar, na nyingine zamtaja Ibn Abbas kuwa ndiye mtetezi, na ndani yake mwanamke aliokoka. Hisabu yenyewe wanavyuoni wameishika mpaka leo.

Msomaji asichanganye hisabu hiyo na ya hospitali. Miezi sita ya mwandamo ni siku 177 hivi. Hospitali huanza kuhesabu tangu hedhi ya mwisho, yaani wiki mbili hivi kabla mimba haijatunga, kwa hiyo mtoto huyo wangemwita wa wiki 27. Kwao aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 ni njiti.

Matabibu wa kale nao walikuwa na hesabu yao, na hiyo haikuwa na faida. Wayunani walidai kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Maneno hayo yakaingia katika vitabu vya tiba vya Waarabu na vya Wazungu, yakarithiwa karne baada ya karne. Ukweli ni kinyume chake, kwani kila wiki inayozidi tumboni humwongezea mtoto nguvu. Ukimsikia mtu akiogopa mwezi wa nane kuliko wa saba, jua maneno yake yametoka mbali. Lakini katika mabingwa wote hao hapakuwa na mmoja aliyeweza kumtazama mja mzito wa miezi mitatu akasema: huyu hatafika. Walingoja uchungu uanze.

Habari hiyo ilikuwa ikipita katika damu ya mama. Mwaka 1948 Wafaransa wawili, Mandel na Métais, walionyesha kwamba katika maji ya damu, nje ya chembe zake, mna DNA na RNA. Kwa muda mrefu watu hawakujali. Mwaka 1974 huko Marekani ikatambuliwa katika damu ya waja wazito protini itokayo kwenye kondo la nyuma, ikaitwa PAPP-A. Mwaka 1997 tabibu Dennis Lo na wenzake wa Oxford walitafuta katika maji ya damu ya akina mama alama ambayo mwanamke hana, ile ya kiume. Kati ya waja wazito 30 wenye watoto wa kiume tumboni, waliikuta kwa 24. Basi mtoto hajazaliwa, na tayari amepeleka barua kwenye mkono wa mama yake.

Mwaka 2002 Gordon Smith na wenzake, Uingereza, walieleza kwamba wanawake ambao PAPP-A yao ilikuwa chini sana katika miezi ya kwanza walielekea zaidi kuzaa kabla ya siku. Walielekea tu, kwani wengi wao walifika salama. Kisha mwaka 2018 Stephen Quake wa Marekani, ambaye binti yake mwenyewe alizaliwa karibu mwezi mzima kabla ya wakati, alishirikiana na wenzake wa Denmark kusoma RNA katika damu ya wanawake 31 iliyotolewa kila wiki. Wakapata kuukadiria umri wa mimba kwa damu tu. Kwa wanawake wengine wa Marekani, 38, waliokwisha kuwa na hatari, wakaona alama saba zilizoweza kuonya hadi miezi miwili kabla.

Kujua mapema kwafaa nini? Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha, kwa akina mama 282, kwamba sindano ya dawa ya jamii ya kotisoni hukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Lakini dawa hiyo ina saa yake: hufaa zaidi mama akizaa baada ya siku moja au mbili na kabla ya wiki kupita. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la nchi sita, Kenya ikiwemo. Dawa ilienezwa mpaka vituo vidogo, wengi wa waliodungwa hawakuzaa watoto wadogo, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla vikazidi. Mwaka 2020, katika hospitali za nchi tano, Kenya tena ikiwemo, ilitolewa penye kipimo cha kuhakikisha umri wa mimba na matunzo ya mtoto. Kwa kila akina mama 25 waliotibiwa, mtoto mmoja aliokolewa. Dawa ni zile zile. Tofauti kubwa ni kumjua anayezihitaji.

Hata hivyo nisingependa kipimo cha damu kiletwe Lamu au Pemba kwa pupa. Damu ya wanawake 31 wa Denmark haijasema lolote juu ya mama mwenye malaria au upungufu wa damu. Na katika nyumba zetu naogopa jambo jingine: cheti kiseme hatari, mtoto aje mapema, na mawifi wamgeukie bibi harusi kana kwamba cheti kile ni ushahidi juu yake. Damu haisemi nani mkosa. Kwa sasa kipimo hicho si cha kawaida kliniki, na mkunga hutegemea anayoyauliza: uliwahi kuzaa kabla ya siku, ni pacha, presha ikoje, una homa, na hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini. Jibu la hilo la mwisho hupatikana vizuri zaidi mama akienda katika miezi mitatu ya kwanza, wakati tarehe bado anaikumbuka.