Kupiga Chuma Kutakufanya Ukimbie Mbio? Msee wa Karagita, Soma Hii

Wasee wengi wa mtaa hupiga chuma za mikebe ya simiti wakitaka kutoka mbio kama Omanyala. Inasaidia? Ndio, lakini si mbio yote.

Mbio ni kusukuma chini. Hatua za kwanza, mguu hukaa chini karibu sekunde 0.2, so nguvu ya skwoti inaonekana hapo. Ukishashika kasi, mguu unagusa chini kama sekunde 0.1 tu, na msuli unahitaji muda zaidi ya huo kutoa nguvu yake yote. Ndio maana buda wa kilo mob anaweza achwa na msee mwembamba anayetoa nguvu yake haraka.

Ferdinand Omanyala alicheza raga kabla aingie mita 100. Tarehe 18 Septemba 2021, pale Kasarani, alipiga 9.77, rekodi ya Afrika. Jamaa ana misuli, lakini pia anakimbia.

Plan ni simpo:
- Chuma mara 2 kwa wiki: kilo nzito, marudio 3 hadi 5, pumzika dakika 3.
- Siku zingine, kuruka-ruka na mbio za mita 30 ukitoa kila kitu.
- Usijaze mwili bure, kila kilo ni mzigo utabeba.

Na kama umeshinda umesimama kwa maua siku mzima, lala kwanza. Miguu imechoka haijifunzi spidi, na msuli wa nyuma ya paja ukiraruka, ni wiki kadhaa nje.