Droni Ilivyoingia Karakana za Vyuo Vikuu

Droni ya rota nne, ambayo Watanzania wengi huiita ndege nyuki, ina asili ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1907, huko Douai, Ufaransa, ndugu Louis na Jacques Breguet pamoja na Charles Richet waliinua chombo cha rota nne kimo kidogo tu, huku wanaume wanne wakikishikilia kwenye pembe kisipinduke. Mwaka 1924 Étienne Oehmichen alizunguka njia ya kilomita 1 kwa chombo chenye rota nne kuu, kisha wazo hilo likafifia. Nguvu ya kupaa ilikuwapo. Kilichokosekana ni utulivu. Hakuna rubani awezaye kurekebisha kasi ya rota nne kwa mkono, kila moja kwa wakati wake, mamia ya mara kwa sekunde.

Utulivu huo uliletwa na vihisi vidogo vya mwendo. Vilianza kuenea katika mifuko ya hewa ya magari, vikaingia kwenye simu, na bei yake ikashuka. Katikati ya miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa na mradi wa STARMAC, uliotumia droni za rota nne kujaribia nadharia za udhibiti.

Kisa chenye mafunzo zaidi ni cha ETH Zurich. Mwaka 2008 Lorenz Meier, akiwa bado mwanafunzi, alitaka droni ijiongoze kwa kamera. Hakupata kompyuta ya kurushia iliyofaa, hivyo akakusanya wanafunzi wenzake, wakaunda ya kwao. Mwaka 2009 timu yao ilishinda mashindano ya Ulaya katika kundi la droni zinazojiongoza ndani ya jengo. Lililo kubwa kuliko ushindi ni kwamba kazi yao haikufungiwa kabatini: kutokana nayo zilipatikana kompyuta ya kurushia ya Pixhawk, programu ya kuongozea droni ya PX4 na lugha ya mawasiliano ya MAVLink, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma na kuzibadilisha. Kazi ya wanafunzi ikawa nyenzo ya kufundishia wanafunzi duniani kote.

Walimu waliipenda droni kwa sababu haimsamehe mwanafunzi. Ina mota nne tu, na haiwezi kusonga mbele bila kwanza kuinama. Hesabu ikikosewa kidogo, inayumba. Ikikosewa zaidi, inaanguka na rafadha zinavunjika. Hapo mwanafunzi hulazimika kuunganisha umeme, mekanika na programu katika kifaa kimoja, jambo ambalo mitihani ya karatasi hailidai.

Bei iliendelea kushuka. AR.Drone ya Parrot, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa ya kuchezea, lakini kamera zake mbili ziliifanya ifae maabara. Baadaye Crazyflie 2.0 kutoka Sweden, yenye gramu 27, ilirushwa darasani bila hofu ya kumjeruhi mtu.

Afrika Mashariki droni ilitangulia kama chombo cha upimaji. Kuanzia mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni. Nchi jirani ya Malawi ilifungua Chuo cha Droni na Data cha Afrika jijini Lilongwe Januari 2020, kwa ushirikiano wa UNICEF na Virginia Tech.